Mama Mtendaji na Chanja za Miezi Tisa

Sijui alizaliwa lini wala wapi hasa, na sitaanza kubuni leo. Alikuwa mtendaji wa mtaa wetu, yaani yule mwajiriwa wa halmashauri anayeachiwa faili, muhuri na malalamiko ya watu wote. Tulimwita Mama Mtendaji, hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Nimejaribu mara kadhaa kuandika habari zake nikiwa nimetulia mezani, nikashindwa. Haya nayaandika huku nainuka, naenda dirishani, narudi, nafuta, naandika tena. Pengine aliniambukiza yeye huo ugonjwa wa kutotulia, na hilo nalo linanikera.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kati ya saluni na duka la spea za pikipiki, mteremko wa kwenda ziwani. Kulikuwa na meza, viti viwili vya plastiki na kabati lisilofungika. Sikumbuki kumkuta amekaa humo zaidi ya dakika tano. Saa moja asubuhi alikuwa tayari njiani, ndala miguuni, viatu vya ofisi kwenye mfuko, faili la plastiki kwapani, anakagua mitaro, anashuka ufukweni, anapanda tena hadi barabara ya kwenda Buzuruga. Ukitaka huduma, unatembea naye. Ungewaona watu wanne watano wakimfuata, mmoja ana ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mwingine anataka barua ya utambulisho ya benki, mwingine kuku wake kaibiwa, na yeye anawajibu bila kugeuka nyuma. Akifika mahali pa kugonga muhuri, aligonga popote: ukutani, kwenye boneti ya gari la watu, au kwenye mgongo wa aliye mbele yake. Mgongo wangu mimi umetumika kama meza mara nyingi tu.

Nilikuwa jirani yake, nyumba ya nne kutoka ofisini. Nilikuwa na cheti cha maendeleo ya jamii kilichokaa kabatini miaka miwili bila kazi, na kila alipopita kibarazani kwetu aliuliza, "Wewe binti, hicho cheti kinaiva lini?" Sikupenda. Lakini siku nilipopata kazi ya mkataba kwenye mradi, barua yangu ya utambulisho aliiandika yeye, kwa mkono wake, kurasa mbili, akinisifu kwa mambo ambayo mengine sikuwa nayo. Kisha akanikemea kwa sababu nilitaka kuondoka nayo bila kuisoma.

"Soma mpaka chini, mwanangu," alisema. "Juu wanaandika salamu. Wanachokitaka wanakiandika chini."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake. Alisoma kila karatasi mpaka mwisho, na viambatisho, na majina ya waliohudhuria, na ile namba ndogo ya mpiga chapa pembeni. Madereva wa bajaji walimcheka kwamba hata risiti ya mafuta anaisoma kama mkataba. Alikuwa anajua, na hakujali.

Kitu kingine alichokiamini ni muhtasari wa kikao. Wengine wakigombana huitwa wazee, wakasuluhishwa, wakala pilau, basi. Kwake hapana. Kulikuwa na mume na mke wa nyumba ya jirani, mume dereva wa bodaboda, mke kachukua helmeti ya mume akaitupa ziwani kwa hasira. Mama Mtendaji akawaita. Akafungua kikao, akaandika mahudhurio, akaandika ajenda. Wiki iliyofuata akawaita tena, akawasomea muhtasari wa kikao kilichopita, wakauthibitisha kwa sahihi, kisha akasema bila kucheka, "Yatokanayo. Mama, uliahidi kununua helmeti nyingine. Imenunuliwa?" Haikuwa imenunuliwa. "Na wewe baba, uliahidi kula nyumbani. Umekula mara ngapi?" Ilikwenda hivyo vikao sita. Mpaka leo wanaishi pamoja, na nadhani ni kwa kuogopa kikao cha saba.

Nisije nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na ulimi mkali na kununa alijua. Mwenyekiti wetu wa mtaa, bwana mmoja mpole mwenye duka la vifaa vya umeme, aliwahi kufungua mkutano kabla Mama Mtendaji hajafika, basi wiki nzima mama akawa anamsalimia kwa maandishi. Alikataza watu kufuga kuku ovyo, na kuku wake walikuwa wanazurura mpaka saluni. Alichukia sana neno "ya muda", lakini jiko lake la mabati lililoegemea ukuta alilijenga "kwa muda" nami nilimkuta nalo, na mpaka anastaafu lilikuwepo. Ukimuuliza, alijibu, "Hilo ni langu. Nikitaka kulivunja nalivunja mwenyewe." Wakati ule niliona ni ubishi tu.

Tatizo lake na vitu vya muda lilikuwa na historia. Mtaa wetu, sijui kwa sababu uko karibu na ziwa na unapendeza kwenye picha, ulipendwa sana na miradi ya majaribio. Yalikuja mapipa ya taka ya rangi tatu, yakakaa msimu mmoja, yakaondolewa na walioyaleta. Zikaja taa za jua, watoto wakazoea kusoma chini yake, siku moja likaja gari likazichukua kwa sababu muda wa utafiti umeisha. Kikaja kisanduku cha maoni, hicho angalau kilibaki, mtu anafugia njiwa. Kila mradi uliacha bango, na Mama Mtendaji aliyatunza yote. Moja lilikuwa pazia la ofisi. Mengine aliwapa wanawake wa dagaa wafunike mzigo mvua ikija.

"Mgeni akija kujaribu chumvi kwenye sufuria yako," alikuwa akisema, "yeye anaonja anaondoka. Mboga utaila wewe."

Basi ndipo mradi wetu sisi ukaja. Bosi wangu alikuwa kijana mstaarabu, wa kuja, mwenye kompyuta nyembamba na maneno laini. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na nasema hivyo hata leo. Pale ufukweni palikuwa na kiwanja cha halmashauri kisichotumika, na wanawake wa mtaa walikuwa wanaanika dagaa mchangani. Mradi ungewawekea chanja, zile meza za nyavu za kuanikia zilizoinuliwa juu, pamoja na kivuli, bomba la maji na viti. Kila kitu kingefungwa kwa nati ili kihamishike. Ni majaribio, miezi tisa. Wanawake thelathini na wanne wangepata chanja.

Mama Mtendaji alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Na mwezi wa kumi?" akauliza.

"Mwezi wa kumi, mama, tutafanya tathmini," bosi akajibu.

"Tathmini inaanika dagaa?"

Bosi akacheka akidhani ni utani. Akaeleza kwamba baada ya majaribio, ofisi ya mradi na halmashauri watakaa waamue. Mama Mtendaji akaingia ndani, miguu yote miwili.

"Sikiliza, mwanangu. Huu mtaa hauna bajeti. Hauna mkandarasi, hauna gari, hata kiti ninachokupa ni changu. Una kitu kimoja tu, mkutano wa wakazi. Sasa mnataka mje mjaribu kwetu, mjifunze kwetu, halafu ule mkutano wenyewe muuombe uwapigie makofi tu? Siku ya mwisho mkutano uamue. Chanja zibaki au ziondoke, waseme wao."

"Mama, mambo hayo yako juu ya mtaa."

"Basi chanja wekeni hukohuko juu."

Walivutana siku nne. Mwishowe bosi akakubali: mkutano wa wakazi ukipitisha kipengele hicho na kikaandikwa kwenye muhtasari, mradi utakiheshimu. Nilimwona Mama Mtendaji akitoka pale anatembea upesi kuliko kawaida yake, na nikajua amefurahi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi palepale ufukweni. Watu walijaa. Alisoma kipengele mara tatu, mikono ikanyooshwa, hakuna aliyepinga. Karatasi ya mahudhurio ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzungushwa watu wasaini, mvua ikashuka, ile mvua ya ziwani isiyobisha hodi. Tukakimbia. Karatasi ilipatikana baadaye imekuwa uji.

Jioni ileile Mama Mtendaji akapigiwa simu, dada yake kafariki Ukerewe. Kabla ya kuondoka alikuja kwetu akiwa amejifunga kanga ya msiba. Akaniambia niandike muhtasari, nisiupeleke popote, yeye akirudi Alhamisi tutapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Muhuri alimwachia Mwenyekiti. Nikasema, "Sawa mama, pole sana." Nilimaanisha.

Jumatatu bosi akaja juu. Wafadhili wanataka muhtasari saa kumi leo, la sivyo mradi unahamia mji mwingine. Nikamweleza habari ya sahihi. Akasema, "Tafuta namna." Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja na mtoto wa miezi mitano, na baba yake alikuwa Geita na maneno matamu kwenye simu. Nikatafuta namna. Nilichukua muhtasari ambao ofisi ya mradi ilikwisha kuuandaa tangu mwanzo, wenye nafasi za kujaza tarehe na jina la mtaa. Kwa mahudhurio, nilichomoa orodha ya mkutano wa kusafisha mitaro uliofanyika miezi miwili nyuma, yenye sahihi tele, nikaipiga pini nyuma yake. Mwenyekiti aligonga muhuri huku anamjaribishia mteja balbu.

Na ule muhtasari wa ofisi, chini kabisa, ulisema uamuzi wa mwisho ni wa ofisi ya mradi kwa kushauriana na halmashauri. Nilikiona kipengele. Ningeweza kuandika hapa kwamba sikukiona, nani angejua? Nilikiona, nikajiambia tutarekebisha baadaye.

Alhamisi alirudi. "Haya, twende tukakusanye sahihi." Nikajibu, "Tumeshakusanya." Aliomba nakala, nikasema iko ofisini. Akaomba tena, nikasema naileta. Mara ya tatu chanja zilikuwa zinashushwa kwenye lori, wanawake wanapiga vigelegele, na hakuuliza tena.

Ile miezi tisa ilikuwa ya raha, na wanaosema majaribio hayasaidii kitu hawakuwepo. Dagaa walikauka bila mchanga. Wanunuzi kutoka mbali waliuliza dagaa wa kwetu kwa jina la mtaa. Mama Kabula, ambaye chanja yake ilikuwa ya kwanza karibu na bomba, alianza kuwasomesha wenzake namna ya kupanga foleni ya maji, mwanamke ambaye zamani alijulikana kwa matusi tu. Mama Mtendaji aliteremka pale kila asubuhi. Ndipo mahali pekee nilipomwona akisimama kimya, anatazama zile nyavu zimejaa, mguu hautingishiki. Nikipita na mtoto mgongoni ananiita, "Njoo uone kazi yako." Nilikuwa nasingizia haraka.

Mwezi wa kumi lori likaja. Wanawake wakalizuia, wakakaa juu ya chanja zao, dereva akaondoka bila kitu. Kesho yake Mama Mtendaji akawaongoza wote mpaka halmashauri, yeye mbele, mwendo wake uleule, wao nyuma. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniambia getini, "Leo watajua mkutano wa wakazi ni kitu gani."

Chumbani waliingia yeye, Mama Kabula na wengine wawili. Upande wa pili walikaa maofisa, bosi wangu, na mimi pembeni, mtoto mgongoni kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Mama Mtendaji akasema lake, akanukuu kipengele, akataja mkutano. Ofisa mmoja hakubishana naye. Alifungua faili, akamsogezea muhtasari.

Akaanza kusoma. Chumba kizima tulikuwa tunasikia karatasi tu. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa pili alikunja uso, akarudi nyuma, akasoma tena chini. Mama Kabula akamwinamia, "Vipi?" Akafungua ukurasa wa tatu, ule wa majina, na hapo akakaa muda mrefu sana, kidole kimeganda juu ya karatasi. Kisha akainua macho akatazama upande wangu. Mtoto akapiga chafya.

Mama Mtendaji akaufunga muhtasari, akaurudisha taratibu.

"Muhuri ni wa mtaa wangu," alisema. "Sina la kuongeza."

"Mama Mtendaji," Mama Kabula akasema, "soma tena."

"Nimesoma."

Kwenye korido ndiko walikomshukia. Mwanamke aliyebishana hata juu ya nukta ya barua, leo hana la kuongeza? Mama Kabula akamwambia mbele ya watu, "Umenunuliwa. Umetuuza wewe, na sijui wamekupa nini, kikupalie." Akaongeza na mengine ambayo siyaandiki. Mama Mtendaji alivaa ndala zake, akaweka viatu kwenye mfuko, akatoka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Nilimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia.

Chanja zikaondoka. Baadhi ya wanawake walirudi mchangani, mpaka kiwanja kikazungushiwa mabati, na mpaka leo ndani hakuna kilichojengwa zaidi ya magugu. Wengine walikwenda kutandaza biashara chini, barabarani. Mtaani ikawa imeshapita kwamba Mtendaji alikula. Asubuhi hakuna aliyemfuata tena kwa miguu; wenye shida walimsubiri ofisini, wakapewa muhuri, wakaondoka bila soga. Akapitwa na sherehe mbili za harusi pasipo kadi. Mwaka haukwisha, akastaafu. Kwetu mtendaji akiondoka huchangiwa kuku, kanga, hata jiko la gesi, na hotuba mpaka watu wanasinzia. Yeye alipakia vitu kwenye kirikuu asubuhi na mapema, akaondoka. Nilisikia gari nikiwa kitandani, nikajifunika.

Mimi niliajiriwa moja kwa moja. Ripoti ya mradi ilisema ushirikishwaji wa wakazi ulikuwa wa kuigwa. Nimekuwa na miaka mitatu ya kubadilisha mto wa kulalia, kuhamisha kitanda, kuosha vyombo vilivyo safi. Mama yangu anasema nina presha. Nilipima, sina.

Mwaka huu nilitumwa Buhongwa, kuna mradi mwingine wa majaribio, safari hii vituo vya bajaji. Natembea na ramani yangu, nikamwona Mama Mtendaji ng'ambo ya barabara ya Shinyanga, anasubiri magari yapungue. Amepungua mwili. Alikuwa ametoka kwa binti yake ng'ambo ya Busisi, mfuko wa mihogo mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Hajambo, ameanza chekechea."

"Siku hizi hili daraja jipya la ziwani limetuharibia safari," akasema tukivuka. "Zamani kwenye pantoni nilikuwa namaliza mfuko wa karanga na habari zote za Sengerema. Sasa unakohoa tu, umefika." Akanikaribisha kwake, chumba na sebule, akanipa kiti. Yeye alibaki amesimama, anapanga mihogo, anaipanga upya. Nikaona nikisubiri chai sitasema.

"Mama, ile orodha ya majina niliiambatisha mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile, kwenye meza yao. Jina la nne, mzee fundi mitumbwi. Tulimzika siku kumi kabla ya mkutano wa chanja, nilishika daftari la rambirambi mimi mwenyewe. Marehemu kahudhuria mkutano, kasaini." Hakucheka. "Ningesema neno moja tu pale, karatasi yote inatupwa, tunarudi kwa wakazi upya. Na wangeuliza, nani kaileta?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na mtoto mgongoni."

Nikaanza kulia, na nakiri nilikuwa nalia nikitegemea kubembelezwa. Nilisubiri aniambie yamepita, mwanangu, Mungu ni mwema. Badala yake aliacha mihogo, akakaa, na ilinishtua kumwona amekaa.

"Nilikosea," akasema. "Ungefukuzwa, ungelia hivi hivi unavyolia, halafu ungepata kazi nyingine. Una cheti. Wale hawana. Nilikuonea huruma wewe mmoja niliyekuwa nakuona, nikawaacha thelathini na wanne. Miaka mitatu nalihesabu hilo, halitoki sawa."

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Mimi sikuwa na chanja pale."

Akaniondoa kwa adabu kabla chai haijachemka.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda Buzuruga, karibu na stendi, ambako Mama Kabula hutandaza dagaa wake kwenye kiroba, vumbi la magari likiwaangukia. Alikuwa ananijua kama yule binti wa mradi. Akanipimia kopo bila kuniangalia. Nikamwambia sinunui. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mvua, muhtasari, mitaro, fundi mitumbwi, mtoto, mpaka nilivyomkuta Mama Mtendaji kwake Buhongwa. Sikupunguza kitu, hata kile kipengele nilichokiona.

Wateja wawili walikuja, wakaona nyuso zetu, wakaenda kwa jirani.

"Kwa hiyo Mtendaji hakula?"

"Hakula kitu, mama."

"Na ule mkutano wa kwenye karatasi yao si mkutano."

"Si mkutano. Mkutano ni ule wa mvua."

"Utasema hivyo mbele ya watu? Mbele ya hao mabosi zako?"

"Nitasema."

"Wakikufukuza?"

"Wanifukuze."

Akanitazama juu mpaka chini, kwa mara ya kwanza. Nilidhani ananitafutia tusi, na nilikuwa nalistahili. Badala yake akashika mdomo, macho yakamjaa. "Nilimtukana mpaka mama yake aliyemzaa," akasema polepole. "Kwenye korido, watu wamejaa. Na alikuwa ametoka kumzika dada yake mwaka uleule."

Akafunika dagaa kwa kanga, akamwomba jirani amwangalizie, akajipangusa mikono.

"Twende Buhongwa kwanza," alisema. "Hayo ya kiwanja tutayaongea tukiwa naye."